Ukuta Unaokohoa

Sogeeni. Wewe wa mlangoni, ingia au toka, usisimame nusunusu ukanizibia mwanga. Mwenye karanga mdomoni azimeze kwanza. Simu zilale kifudifudi. Nataka kimya cha kusikia sindano ikianguka, maana katika hadithi hii kuna mtu anayeongea kutoka ndani ya ukuta, na mkipiga kelele hamtamsikia, kama wenzake nao walivyokaa muda mrefu bila kumsikia.

Haya. Nyuma ya stesheni kuu ya Seoul, pale uchochoro unapobana hata wawili wakikutana mmoja hugeuka ubavu, lilikuwapo duka la Mama Birika. Jina alilopewa na wazazi ni Mal-sun, ila birika lake la maji ya moto halikuwahi kupoa, basi jina likaliwa na birika. Ubavuni mwa duka, umegusana na ukuta wa nyumba ya vyumba vya kupanga, ulikuwapo ulingo mpana wa mbao, mfano wa kitanda kisicho na godoro. Watu walivua viatu, wakapanda, wakakunja miguu, wakaanza kupigana maneno. Kahawa yao ilikuwa ile ya vipakiti vyembamba, maziwa na sukari vimo humohumo: unamimina kwenye kikombe cha karatasi, maji ya moto juu, unakoroga kwa kipakiti chenyewe. Ng'ambo ya barabara yalisimama maghorofa ya vioo, na kivuli chake kilikuja uchochoroni mapema kila siku kama mtu anayedai chake. Siku ninayoisema ulikuwa mwanzo wa Machi, baridi bado ina meno, na kijiweni palikuwa na kesi moja tu: Mzee Kwak atolewe chumbani kabla ya jioni, au abaki.

Mzee Kwak alikuwa msugua migongo. Miaka na miaka alisimama kwenye bafu la umma, kitambaa kigumu mkononi, akiwasugua watu waliolala uchi mbele yake mpaka ngozi iwe nyekundu kama kamba wa kuchemsha. Bafu lilipofungwa akaja kupanga chumba hapo, chumba cha kulaza mwili mmoja na begi moja. Majira ya baridi yaleyale akaanza kukohoa, akakohoa damu, akapelekwa hospitali, akarudi na mfuko wa dawa. Kifua kikuu.

Nesi alikuja naye, barakoa usoni, akawaeleza watu wa kijiwe vizuri kabisa. Kwamba mzee atakunywa dawa kila asubuhi, miezi sita, bila kuruka. Kwamba ameshakunywa za kutosha, hamwambukizi mtu tena. Kwamba ugonjwa huu hauendi kwa kikombe wala kijiko, unakwenda kwa hewa iliyofungiwa, basi afunguliwe hewa, na usiku awashiwe feni.

Wakaitikia kwa vichwa vyote. Alipopinda kona tu, wakachemsha vikombe, wakachemsha vijiko, wakachemsha hata lile bakuli la shaba walilokuwa wakipokezana pombe ya mchele tangu enzi. Kisha wakachukua plastiki ya mapovu, ile watoto hupenda kuipasua, wakauziba mlango wa Kwak pande zote kwa utepe wa gundi, wakaacha kitundu cha kupitishia sahani.

– Usipoziba ufa utajenga ukuta, – ndivyo alivyosema mmoja wao, mzee aliyeitwa Waziri, siku ile, akikata utepe kwa meno.

Mama Birika ndiye aliyekuwa akipitisha uji wa mchele kwenye kile kitundu. Kila akiinama, alisikia pumzi ya mtu upande wa pili, na moyo wake ulimwambia kitu ambacho mdomo ulikuwa haujakipata.

Sasa kaeni kijiweni muwasikie wenyewe.

– Mimi sina ubaya na Kwak, – alianza Funguo. Huyu ni Bwana Tak, mshika funguo za nyumba. Alimkusanyia kodi mwenye nyumba, mtu ambaye pale hakuna aliyewahi kumwona ila simu yake ikilia Funguo husimama wima. Naye Funguo alipanga humohumo, chumba cha mwisho kwenye korido ileile. – Sina ubaya naye hata chembe. Ila bosi kasema chumba kiwe wazi leo jioni. Na mpangaji nimeshapata, anakuja mchana kukitazama.

– Umepata mpangaji na mtu bado yumo ndani? – akauliza Mama Birika.

– Mgeni njoo, mwenyeji apone, – akasema mzee Maeng, aliyeitwa Jangwani.

Ukuta ukakohoa.

– Mwenyeji anatupwa nje, apone saa ngapi? – ulisema ukuta.

Wote wakasogea mpaka ukingo wa ulingo. Chumba cha Mzee Kwak kilikuwa nyuma ya ukuta uleule walioegemea, na wao walikuwa wamejifunza kusahau.

– Kwak, umelala? – akaita Jangwani.

– Nimelala. Anayeongea ni mzimu wangu.

– Tunakujadili, mzee mwenzetu. Usije ukachukia.

– Nijadilini tu. Lakini mwambieni Funguo stesheni nimeshailala zamani, na sakafu yake ni ngumu kuliko mgongo wake yeye. Na mgongo wake naujua. Una chunusi upande wa kushoto.

Waziri akacheka mpaka kahawa ikamtoka puani. Waziri ni mzee Pyo, asiyekuwa waziri wa chochote. Alikuwa anaokota magazeti yaliyoachwa kwenye treni na kuyasoma kwa miwani ya jicho moja, kioo cha pili kilishavunjika, kisha anawatangazia wenzake habari za jana kama za kesho.

Mama Birika hakucheka. Alimkumbuka yule mshona viatu aliyekuwa chumba cha juu. Naye alikohoa, naye alitolewa, naye alikwenda stesheni na mfuko wake wa dawa. Mfuko uliibiwa usiku wa kwanza, na yeye baridi haikumpa usiku mwingi baada ya huo. Mama Birika aliujua mwisho wa njia ile. Ndiyo maana mikono yake ilikuwa ikipangusa birika safi.

– Niambieni kitu kimoja, – alisema, ili kuwachelewesha. – Upepo ni mmoja. Treni ni moja. Hao wa vioo tunabanana nao ngazi zilezile za stesheni. Mbona kikohozi kinakuja kulala kwetu tu?

Alijua anachofanya. Ukiwatupia wale swali la namna hiyo, umewatupia mbwa mfupa.

– Hilo ni dogo sana, – akasema Waziri, akakunjua gazeti. – Hapa wameandika: ugonjwa huu unaua watu zaidi ya milioni kila mwaka, dunia nzima. Na karibu wote ni wa nchi maskini. Na katika nchi tajiri, ni maskini wa humohumo. Mnaona? Ni noti.

– Noti gani tena?

– Pesa za karatasi! Tajiri anapitisha kadi, pii, kalipa. Maskini anashika noti iliyoshikwa na kila mtu tangu vita. Kidudu kinapanda noti kama basi.

– Acha fiksi, Waziri, – akasema Jangwani. – Wewe mara ya mwisho kushika noti ni lini? Ungekuwa mzima kuliko sisi wote.

– Haba na haba hujaza kibaba!

– Hiyo imeingiaje hapo?

– Imeingia yenyewe.

Ukuta ukacheka, kisha ukakohoa kwa sababu ya kucheka.

Jangwani akajivuta, akapandisha soksi. Ujanani alikuwa amekwenda Uarabuni kujenga barabara, na tangu arudi hapakuwa na jambo chini ya mbingu ambalo hakuliona kule kwanza.

– Nisikilizeni mimi niliyetembea. Kule jangwani tulilala kwenye makontena. Sisi, Wapakistani, Wafilipino, Wabengali, kila kabila. Mchana juani hakuna anayekohoa. Usiku milango imefungwa, mmoja anaanza, koho! Wa pili anamjibu. Mpaka alfajiri mnakohoa lugha moja, kikohozi hakina haja ya mkalimani. Na mainjinia kwenye nyumba zao za mbali, kimya! Wanalala kama watoto.

– Sasa hapo unasema nini?

– Nasema jua! Ugonjwa unaogopa jua. Na jua letu limenunuliwa. – Akanyoosha kidole kwenye maghorofa. – Yale yalipojengwa, kabla ya chakula cha mchana jua letu limekwisha. Wao wanalila lote kule juu kwa vile vioo, sisi wanatuletea makombo. Wanayo mashine. Wanalisaga, wanaliweka kwenye mapipa.

– Mapipa!

– Kwenye mapipa, chini ya ardhi, wanakoegesha magari. Unafikiri kwa nini mlinzi hatuachi tuingie?

– Wewe nawe unapotea njia karibu na nyumbani, – akasema Funguo. Akakohoa kidogo, akafuta mdomo kwa mkono. – Vumbi. Sikilizeni. Mimi nimekwenda kule kumpelekea bosi bahasha, nikaishia mlangoni. Mlango wa chini una namba ya siri. Lifti ina namba ya siri. Mlango wa nyumba una namba ya siri. Sasa kidudu kimetoka stesheni, kimechoka, hakijasoma. Kitazijua namba zote hizo?

Hoja ilikuwa na uzito.

– Kinageuka, – Funguo akamalizia, – kinaona mlango wetu hauna hata kitasa. Kinaingia.

– Kumbe! – akasema Waziri kwa heshima. – Basi na sisi tuweke namba ya siri.

– Mlangoni kwetu? Nani atakayeikumbuka? Wewe? Utalala nje kila siku.

– Asiyejua maana haambiwi maana.

– Hiyo nayo imeingia yenyewe?

Hapo ukuta ukagonga, ngo ngo.

– Naomba kusema mimi mgonjwa, – alisema Mzee Kwak. – Nimesugua migongo ya wabunge na ya wachimba mitaro. Wakishavua, hamna anayejua nani ni nani. Uchafu wao wote ni wa kijivu. Unatoka unajikunjakunja kama tambi, tajiri kama maskini. Mapafu yao nayo, nawaapia, ni yaleyale. Tofauti niliiona pale wakishavaa tu. Mmoja anakwenda kulala penye nafasi, mwingine anakuja kulala hapa.

– Ndiyo hapohapo! – Funguo akaruka. – Wamemwachia yeye! Wale matajiri walikuja kusuguliwa magonjwa yao yatoke, yakabaki kwenye kitambaa cha Kwak. Alikuwa anayasomba kila jioni anayaleta hapa kwa begi!

– Kikulacho ki nguoni mwako, – Waziri akatikisa kichwa. Safari hii ilikaribia kufaa, mwenyewe akashtuka.

– Halafu na yule nesi, – akasema Jangwani kwa sauti ya chini, akisahau kuwa ukuta una masikio yenye jina. – Mimi simwamini. Mlimsikia? Ati usiku mzee awashiwe feni.

Wote wakaguna. Katika uchochoro ule, kama katika nchi ile nzima ya wazee, kila mtoto alilelewa akiambiwa kwamba ukilala chumba kimefungwa na feni inazunguka, asubuhi utakutwa maiti.

– Feni inanyonya pumzi, – akasema Funguo.

– Inazikatakata, – akasema Waziri. – Zinaingia ndani vipandevipande, hazitoshi.

– Shemeji yangu alikuwa na jirani aliyekuwa na mjomba, – akaanza Jangwani.

– Tunamjua, ulishamzika mara nyingi, – akasema Waziri. – Ila nesi gani msomi anamwandikia mgonjwa feni? Labda ametumwa. Labda hao wa vioo wanataka uchochoro uwe mtupu wajenge ghorofa jingine.

– La kuhifadhia mapipa ya jua, – akasema Jangwani, na macho yakamtoka kwa jinsi mambo yalivyokuwa yanaingiliana.

Mama Birika akawamiminia maji ya moto. Alitazama boksi la vipakiti. Vilikuwa vinakwisha, na mchana ulikuwa unakuja, na maneno yote yale hayakuwa yamemsogeza Kwak hata inchi moja mbali na ile jioni. Akataka kusema: mwacheni abaki. Lakini nani angemsikiliza? Wangemwambia, Mama Birika, wewe una huruma, huruma haizuii kidudu. Na kweli yeye mwenyewe alikuwa akiinama pale kwenye kitundu anabana pumzi. Alikuwa anamhurumia kwa pua iliyozibwa.

Hapo ndipo alipotokea yule mama.

Alikuwa mtu wa makamo, amefunga kitambaa kichwani, mgongoni begi, mkononi furushi la blanketi. Matamshi yake yalikuwa ya ng'ambo ya mto wa kaskazini, kule upande wa Uchina wanakoishi Wakorea wenzao tangu zama za mababu.

– Hamjambo wazee wangu. Naitwa Bun-hui. Nauguza wagonjwa hospitalini, usiku nalala hukohuko, nataka pahali pa siku za mapumziko. Namtafuta Bwana Tak mwenye chumba.

Funguo akavaa viatu upesi, akajipangusa suruali, akawa mtu mwingine.

– Karibu, dada, karibu sana. Chumba ni kizuri. Kina joto, hakipitishi hata unyuzi wa baridi. Tunakimalizia kukisafisha tu.

Ukuta ukakohoa.

Bun-hui akageuka. Akautazama ukuta, akawatazama wazee, ambao kila mmoja alikuwa ghafla anachungulia kikombe chake.

– Kuna mtu humo?

– Ni mabomba, – akasema Funguo.

– Mimi ni mabomba, – ukasema ukuta. – Salamu zako nimezipokea, binti yangu. Chumba unachokuja kukiona ndimo nilimo. Usijali, mimi si mnene, sijakimaliza.

Bun-hui hakupiga kelele wala hakurudi nyuma. Aliweka furushi lake kwenye ulingo, akaenda moja kwa moja mpaka ukutani, akaweka kiganja. Akaangalia juu, akaangalia kushoto, akaangalia kulia. Palikuwa na kreti za chupa tupu za Mama Birika zilizopangwa mpaka juu, na bango kuukuu la uchaguzi, na majani ya figili yaliyoning'inizwa yakauke.

– Mzee huyu, – akauliza, – dirisha lake liko wapi?

Swali lenyewe lilikuwa hilo tu.

Funguo akatazama shada lake la funguo, kana kwamba mojawapo ingemjibu. Jangwani akasema:

– Dirisha lake liko... – halafu akanyoosha mkono kuelekea mahali, na mkono ukabaki hewani hauna pa kutua.

– Halina, – akasema Funguo. – Nadhani halina. Bosi alikigawa chumba kikawa vitatu.

– Nyumba ya zamani hii, – akasema Waziri, – ilikuwa na dirisha. Haikuwa na dirisha? Mimi nilipokuja palikuwa na... Mama Birika, palikuwa na nini?

Mama Birika alikuwa amekaa mbele ya ukuta ule muda mrefu kuliko wote. Alimlelea mtoto hapo, alifiwa na mume hapo. Akajaribu kuukumbuka bila kreti zake, akashindwa.

– Kwak, – akaita. – Wewe uliye ndani. Dirisha lako liko wapi?

– Mnaniuliza mimi? Mimi nimepata kuta nne na karatasi yenye maua. Nilidhani ninyi wa nje ndio mnajua.

Kahawa ikapoa mikononi mwao. Hakuna aliyejibu, na hawa walikuwa watu waliokwisha kujibu jua linahifadhiwa wapi.

Ndipo Mama Birika akasimama. Alishusha kreti ya kwanza.

– Unafanya nini? – akauliza Funguo.

– Naondoa mali yangu. Kwak! Gonga ukuta. Gonga kila mahali.

Ngo, ngo, ngo, ukagonga ukuta, sauti nzito ya tofali. Mama Birika akatega sikio, akawa anaifuata kwa nje, mkono kwa mkono, yeye huku na Kwak kule. Ngo, ngo. Halafu: dum.

– Rudia hapo!

Dum.

Jangwani alishuka bila viatu. Kreti zikahamishwa, majani ya figili akapewa Bun-hui ayashike, bango likabanduliwa. Nyuma ya bango ubao. Nyuma ya ubao plastiki ya mapovu. Nyuma ya plastiki, plastiki nyingine, na nyingine, na magazeti, na gundi ya unga iliyokauka kama mfupa.

Hapo wakakumbuka wote pamoja. Kila Novemba, uchochoro ulipokutana kusindika kabichi za majira ya baridi, siku ileile wakimaliza kabichi waliingia kwenye madirisha. Mama Birika alipika gundi, Jangwani alikata plastiki, Waziri alitoa magazeti. Wakaziba. Lilikuwa jambo la furaha, kwa wimbo na pombe. Machi ikija, nani ana haja ya kubandua? Novemba si mbali. Basi mwaka juu ya mwaka, tabaka juu ya tabaka, mpaka Funguo mmoja kabla ya Funguo huyu akapitisha karatasi ya maua kwa ndani, na dirisha likafa bila kuzikwa.

– Usipoziba ufa... – akaanza Waziri, kwa mazoea tu.

– Nyamaza, Waziri, – akasema Mama Birika, akibandua.

– Hapana, subiri, subiri! Hili ni gazeti la mwaka wa Olimpiki! – Akaketi palepale chini na jicho lake moja. – Mnajua wakati huo sukari ilikuwa...

– Nyamaza, Waziri! – wakasema wote.

Kwa ndani, Mzee Kwak alikuwa anararua. Ile mikono iliyosugua mji mzima ilikuwa bado inajua kazi. Karatasi ya maua ilisikika ikichanika toka juu hadi chini, kitu kikalia kama mbuzi, na kidirisha, mraba usiozidi sinia, kikasukumwa kuelekea nje.

Hewa ilitoka humo kwanza, nzito, ya majira ya baridi mengi. Wote wakageuza nyuso. Bun-hui peke yake hakugeuza. Kisha ikaingia ile nyingine, ya Machi. Kisha likatokea shavu, likatokea jicho linalopepesa, na uso wa Mzee Kwak, umekonda, una vumbi la gundi kwenye nyusi.

Akawatazama mmoja mmoja kwa utulivu.

– Loo, – akasema. – Mmezeeka.

Mama Birika alicheka, na cheko lake likatoka na machozi, akayafuta kwa mkono wenye gundi, akajipaka usoni.

– Kuna kahawa? – akauliza Kwak. – Siku zote hizi nanusa tu.

Mama Birika akaenda kwenye boksi. Akalitikisa. Akaligeuza juu chini. Halikutoa kitu.

– Imekwisha, mzee wangu.

Jangwani alikuwa ameshika kikombe chake, nusu hajakinywa. Akakitazama. Akamtazama Kwak. Mkumbuke kwamba huyu ndiye aliyechemsha vijiko, ndiye aliyechemsha lile bakuli la shaba mara mbili. Akapiga funda moja, kama ada ilivyo, mwenye kutoa huonja kwanza. Kisha akakishika kwa mikono miwili, kama mtu anavyompa mkubwa wake, akainama, akakiingiza dirishani.

– Imepoa kidogo, – akasema.

Mzee Kwak akakipokea kwa mikono miwili.

– Si kitu, – akasema. – Mimi nina joto la kutosha. Chumba chenyewe hakipitishi hata unyuzi wa baridi.

Na hapohapo simu ya Funguo ikalia. Funguo akasimama wima. Wakamsikia mwenye nyumba kutoka mbali, sauti kama ya nyuki ndani ya kopo, anauliza kama chumba kiko wazi. Funguo akamtazama Bun-hui, ambaye alikuwa amekwisha kuchukua furushi lake.

– Mimi sichukui chumba cha mtu aliyemo, – alisema Bun-hui.

Funguo akalitazama dirisha. Akataka kujibu simu, akashikwa na kikohozi, cha ile aina ya vumbi, akakohoa na kukohoa, akainama, mkono kwenye goti. Alipoinuka, macho yamemtoka maji, alikuwa anatazama mwisho wa korido, kilipo chumba chake mwenyewe, kama mtu anayehesabu plastiki.

– Mkubwa, – akaiambia simu, – chumba kimejaa. Ndiyo. Mgonjwa? Mgonjwa yupi? Hapa tunakohoa sote.

Akakata.

– Dada, – akamwambia Bun-hui kwa sauti ya mtu mdogo, – juu kuna stoo yangu. Ina dirisha, nilikuwa naliwekea masanduku. Nikupe hiyo. Halafu uniambie, lile gari la kupiga picha za kifua, linasimama siku gani uwanjani pale stesheni?

Walikwenda wote, foleni moja, Waziri na gazeti lake la Olimpiki kwapani. Kifua cha Waziri safi, cha Jangwani safi, cha Mama Birika safi. Cha Funguo hakikuwa safi, ila kilikuwa kimewahiwa. Akapewa dawa zilezile. Basi kila asubuhi ungewaona wawili, mmoja dirishani, mmoja ulingoni, wanameza pamoja kama wanaogongana vikombe vya sherehe, na kulinganisha mkojo wa nani umekuwa rangi ya machungwa zaidi, maana dawa zile ndivyo zinavyofanya, na wazee hawaachi kushindana. Plastiki ya mlangoni iliondolewa. Feni iliwashwa. Usiku wa kwanza Jangwani alikesha ulingoni, amejifunika blanketi, akigonga ukuta kila mara: "Kwak, umekufa?" Na ukuta ukimjibu: "Bado, lakini kwa usingizi huu unaoninyima, nakaribia."

Maghorofa yalibaki palepale na kivuli chake. Mwenye nyumba hakuja. Magazeti ya Waziri yaliendelea kusema watu milioni na zaidi, huko na huko. Ila ilipofika Machi iliyofuata, uchochoro mzima ulikutana tena kwa wimbo na pombe, wakabandua. Ikawa ada: Novemba kuziba, Machi kufungua.

Mzee Kwak aliishi misimu mingi ya kabichi baada ya hapo. Alipokufa alikufa kwa uzee, mchana, dirisha wazi. Kitambaa chake kigumu alikirithi Jangwani, akakitundika na hakukitumia, anasema mgongo hauna mtu wa kuufikia. Feni aliirithi Bun-hui, bado inazunguka. Bakuli la shaba walilirithi wote, maana halikuwa la mtu. Birika, Mama Birika naye alipokwenda zake, alilirithi Funguo, na sasa wageni wanamwita Baba Birika, naye anaitika. Gazeti la Olimpiki alizikwa nalo Waziri, hajalimaliza. Plastiki yote ya mapovu waliirithi watoto wa stesheni, wakaipasua kwa mchana mmoja, uchochoro ukalia kama harusi.

Kikohozi tu ndicho kilichokosa mrithi.